Kila Mara Mimi Ndiye Ninayeanza: Je, Shoga Yangu Amenichoka?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitambaa na vijora hapa Ngamiani, Tanga. Nina shoga yangu tangu tukiwa darasa la tano. Tulikuwa majirani wa kutazamana milango mpaka alipoolewa akahamia Pongwe. Tangu hapo mimi ndiye ninayepiga simu, mimi ndiye ninayetuma ujumbe, mimi ndiye ninayefunga safari. Yeye haanzi kamwe, ila nikimtafuta anaitika vizuri, na nikipata shida anafika kabla ya ndugu zangu. Baada ya Idi niliamua kunyamaza nione kama atanitafuta, na mpaka leo ni kimya. Dada zangu wanasema amenichoka na kwamba mimi najipendekeza. Je, wapo watu walioumbwa wa kuitika tu, au hii ni dharau? Nauliza pia kwa sababu mwanangu wa kiume, mwenye miaka minane, naye ni vivyo hivyo: hawezi kumwamkia mtu mpaka asukumwe, nami naogopa ataonekana hana adabu.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nitangulize lile unalolisubiri zaidi: kwa maelezo uliyoyatoa, sioni dalili ya dharau. Mtu aliyekuchoka hafiki kwako wakati wa shida kabla ya ndugu zako. Ninachokiona ni watu wawili waliogawana kazi ya urafiki kwa namna isiyo sawa, mmoja akiwa mwepesi wa kuanza na mwingine mwepesi wa kuitika, na mgawanyo huo ulifichwa na ujirani mpaka siku ujirani ulipoondoka. Hata hivyo, jibu hilo fupi halitakutuliza usipojua tofauti hiyo inatoka wapi, kwa kuwa asiyeanza huwa hivyo kwa sababu tatu ambazo kwa nje zinafanana na kwa ndani hazifanani hata kidogo: maumbile yake, nafasi aliyopewa na desturi, na woga.

Kuhusu maumbile, mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, katika kitabu alichokitoa mwaka 1921, ndiye aliyeieneza rai kwamba wako watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wako ambao nguvu hizo huelekea ndani. Waliokuja baadaye waliichambua rai hiyo zaidi, na mmoja wao, Mmarekani Linda Berens, alitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. La kwanza ni iwapo mtu huanza au huitika. La pili ni iwapo, akishaingia katika maongezi, huwaelekeza wenzake la kufanya au huwapa habari tu wakaamua wenyewe. Kwa mpango wake, mtu anaweza kuwa mwenye kuitika na bado akawa mwenye kuelekeza, na huna haja ya kwenda mbali kumwona mtu wa namna hiyo. Mfikirie somo wa mwari hapa kwetu: hajipeleki kwenye nyumba ya watu, husubiri aitwe, na pengine huitwa mara mbili; lakini akishavuka kizingiti, hata mama wa bibi arusi husogea pembeni akingoja kuambiwa kipi kiletwe na nani atoke chumbani. Kwa hiyo anayedhani kwamba asiyeanza ni mnyonge au hana la kusema, amepima jambo moja kwa kipimo cha jingine.

Pamoja na hayo, sipendi mtu asome maneno haya kisha ajiite mwenye kuanza au mwenye kuitika kana kwamba ndilo kabila lake. Vipimo vinavyowagawa watu katika makundi mawili, hasa kile maarufu cha maswali kilichotungwa na Myers na Briggs, vina udhaifu unaojulikana: wengi wakipimwa tena baada ya wiki chache huangukia kundi jingine, kwa sababu wengi wetu tuko karibu na katikati na si kwenye ncha. Watafiti wa leo huiona sifa hii kama mstari mmoja mrefu ambao kila mtu ana mahali pake juu yake, na tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika mstari huo hutokana na urithi. Isitoshe, mtu hakai mahali pamoja. Mwaka 2001 Mmarekani William Fleeson alichapisha tafiti ambazo washiriki wake waliandika mara kadhaa kwa siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, jinsi walivyokuwa wakijiendesha saa hizo. Ilionekana kwamba mtu mmoja hubadilika ndani ya juma lake karibu sawa na watu wanavyotofautiana wao kwa wao. Mkimya ana saa zake za kuchangamka na mchangamfu ana saa zake za ukimya, ila wastani wa kila mmoja hudumu. Nawe ukijichunguza huenda ukakuta kwamba yule anayemwita kila mpita njia aje aone vijora vipya siye yule anayekaa mbele ya mama mkwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hulipitia juu juu, nasi tunaliishi kila siku. Katika mji kama wetu, nani aanze si jambo lililoachiwa maumbile ya mtu. Limepangwa. Mdogo humwamkia mkubwa shikamoo na mkubwa huitika marahaba. Mgeni hupiga hodi na mwenyeji hukaribisha. Kwa Waislamu zipo hadithi zinazoeleza wazi kwamba aliyepanda amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, wachache wawasalimie wengi, na mdogo amsalimie mkubwa. Wanavyuoni wakaeleza kwamba kuanza salamu ni suna na kuitika ni wajibu, na msingi wao ni aya ya 86 ya Sura Annisaa, inayomwamrisha aliyeamkiwa aitike kwa maamkizi bora zaidi au kwa mfano wa yale aliyopewa. Ukiutazama mpango huo kwa jicho la saikolojia utaona busara yake: umemwondolea mtu mzigo wa kuamua. Mwenye haya ana haki ya kunyamaza pale ambapo zamu si yake, ila hana ruhusa ya kutoitika.

Mpango huo hauishii kwenye salamu. Msibani hakuna mwaliko, ukisikia, unakwenda. Arusini mtu husubiri aalikwe, na anayejitokeza bila kualikwa husemwa hata kama alikuja na zawadi. Kwa mgonjwa, mzima ndiye anayefunga safari. Mtani ana ruhusa ya kumwanza mtu asiyemjua kabisa, tena kwa maneno ambayo yangetoka kwa mwingine yangeleta ugomvi. Na kwa jambo zito kuliko yote la kuanza, yaani kuposa, wazee wetu hawakumwachia kijana mwenyewe akatetemeke barazani kwa watu; walimweka mshenga, mtu ambaye kazi yake yote ni kuanza kwa niaba ya mwingine. Kwa maneno mengine, jamii iliyajua maumbile haya mawili kabla ya Jung kuyaandika, ikaona njia si kuwalazimisha wote wawe hodari wa kuanza, bali kugawa zamu.

Hapa ndipo nadhani maneno ya dada zako yalipoota. Mwanaanthropolojia Judith Irvine, aliyezichunguza salamu za Wawolofu wa Senegali, alieleza mwaka 1974 kwamba huko anayeanza salamu hujiweka chini na anayeitika hukaa juu, hata watu wakawa wanatumia hila kuamua nani aanze. Kwetu pia, katika shikamoo, anayeanza ndiye mdogo. Moyo wa mtu ukiichukua hesabu hiyo na kuipeleka kwenye urafiki wa watu walio sawa, anayepiga simu kila mara huanza kujiona mdogo, na walio pembeni humwambia anajipendekeza. Lakini hesabu hiyo si ya mashoga. Wewe na mwenzako hamna mkubwa wala mdogo baina yenu, na simu yako kwake haikuwa shikamoo. Najua dada zako wamesema kwa uchungu wa kukuona unaumia, na siwalaumu. Ila wamekupa kipimo cha cheo wakati wewe ulikuwa unatafuta kipimo cha mapenzi.

Ukumbuke sasa mlipokuwa mkitazamana milango. Sikuwapo, lakini nimeishi mitaa ya namna hiyo kiasi cha kuweza kukisia. Jioni baada ya alasiri yeye ameketi barazani anachagua mchele kwenye ungo, wewe unapita na kikapu cha sokoni. Kwa desturi anayepita ndiye anayeanza, basi unaanza wewe: habari za hapa? Yeye anaitika, halafu bila kusema neno la pili anajisogeza kwenye mkeka na kukusogezea upande mmoja wa ungo. Unakaa. Mikono yako inaanza kuchagua chuya bila kuombwa, na inapofika magharibi hukumbuki tena ulikuwa unakwenda wapi. Katika kisa hicho ulianza wewe, jana yake ulianza wewe, na kesho yake ungeanza wewe, wala hukuhesabu hata siku moja, kwa sababu kule kusogea kwenye mkeka kulikuwa jibu kubwa kuliko salamu yako. Mwenzako alikuwa mwenye kuitika tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa yuko Pongwe, nawe huna tena sababu ya kupita mbele ya baraza yake.

Simu haikuziba pengo hilo, na pengine imelipanua. Kwenye simu hakuna anayepita na aliyekaa, hakuna mgeni na mwenyeji, hakuna wachache na wengi. Ile sheria iliyompa kila mtu zamu yake haina pa kushika. Kinachobaki ni maumbile matupu, na kwenye maumbile matupu mwepesi wa kuanza ataanza kila mara. (Wakati wa kubipu angalau mwenye haya alikuwa na ujanja wake: aliita mara moja akakata, ukajua umekumbukwa, na kazi ya kuanzisha maongezi ikawa yako pamoja na gharama zake. Sijui kwa nini tuliucheka sana ule utaratibu.) Malalamiko kama yako nayasikia mara nyingi, na karibu kila mara yanatoka kwa watu ambao zamani waliishi karibu.

Sababu ya tatu ni woga, nao hujificha vizuri ndani ya zile mbili za kwanza. Mwenye kuitika kwa maumbile hana dhiki; anaona raha kuitwa na anaona raha kuja. Mwenye woga anatamani kuanza lakini anajizuia, kwa sababu anaamini atasumbua. Imani hiyo kwa kawaida si sahihi. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wakimaliza kuongea kwa mara ya kwanza, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Mwaka 2022 Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, wakakuta kwamba anayemtafuta mwenzake kwa ujumbe mfupi au zawadi ndogo hukadiria chini furaha ya yule anayetafutwa, na kwamba furaha hiyo huzidi pale mtu anapotafutwa bila kutarajia. Mwaka 2024 Lara Aknin na Gillian Sandstrom wakaenda mbali zaidi: waliwataka watu wamfikirie rafiki wa zamani ambaye wangependa kuwasiliana naye, ambaye wanaijua njia ya kumpata na wanaamini angefurahi kusikia habari zao, wakawapa na muda wa kuandika ujumbe. Waliotuma hawakufika theluthi moja. Hao si watu waliomchoka rafiki. Walikuwa na nia, walikuwa na namba, walikuwa na muda, na bado kidole hakikubonyeza.

Sasa uangalie mtihani uliomwekea shoga yako baada ya Idi. Ulinyamaza ili uone kama anakupenda. Lakini kimya hicho hakipimi mapenzi. Kinapima uhodari wa kuanza, jambo ambalo ulikwisha kulijua tangu darasa la tano kwamba hana. Ubaya wa mtihani wa namna hii ni kwamba unazidi kuwa mgumu kila siku inayopita. Juma la kwanza huenda hakugundua kitu. Juma la tatu ameanza kujiuliza amekukosea nini. Sasa hivi, kama ni mtu wa woga, anajiambia kwamba amekwisha kuchelewa na hajui aanzie wapi, na huenda anasubiri litokee jambo, msiba au ugonjwa, ambalo litampa ruhusa ya kuja bila kulazimika kujieleza. Hamjagombana, kwa hiyo siwezi kusema mmehamana. Lakini unaijua hadithi isemayo kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, na kwamba mbora wa wawili hao ni yule anayeanza kwa salamu. Angalia jinsi hesabu ilivyogeuzwa hapo: anayeanza hakuitwa mdogo.

Hayo hayana maana kwamba kila asiyeanza ni wa kusamehewa. Kuna watu wanaoitika kwa sababu wanafurahia kutafutwa, na hao huwachosha wenzao kabla wenzao hawajajua kwa nini. Njia ya kuwatofautisha si kuhesabu nani ameanza mara ngapi, bali kuangalia jibu lenyewe lilivyo. Chukua mfano. Unaandika WhatsApp: «Shoga, mama hajambo kidogo leo, ila usiku alihangaika sana.» Mmoja anajibu: «Pole, Mungu atamsaidia.» Mwingine anajibu: «Pole shoga. Alihangaika na kifua kile kile au ni jambo jipya? Na wewe umelala?» Majibu yote mawili yana adabu, na la kwanza huenda limetoka kwa mtu mwema aliyekuwa jikoni, siku moja haimhukumu mtu. Lakini la kwanza limekufungia maongezi, ukitaka kuendelea ni lazima uanze upya. La pili limeyapokea maneno yako na kukurudishia zamu, na ndani yake mna kumbukumbu ya kile kifua cha mwezi uliopita. Mtu anayejibu kwa namna ya pili anaifanya kazi ya urafiki hata kama hajawahi kuandika ujumbe wa kwanza.

Tafiti zinaukubali uzito huo wa jibu. Karen Huang na wenzake wa Harvard walionyesha mwaka 2017 kwamba wanaouliza maswali ya kufuatilia yale mwenzao aliyoyasema hupendwa zaidi na wanaoongea nao. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwafuata maharusi kwa miaka 6. Kwa taarifa yake, waliodumu katika ndoa waliitika asilimia 86 ya miito midogo midogo ya wenzi wao, kama vile kuambiwa tazama kile, na walioachana waliitika asilimia 33 tu. Asilimia hizo hazihesabu nani ameita zaidi. Zinaangalia nini kilitokea baada ya kuita. Shoga yako, kwa kauli yako mwenyewe, anaitika vizuri. Na wakati wa shida hakusubiri hata kuitwa. Utasema shida ina desturi yake, na kila mtu hufika. Ni kweli, lakini desturi humwambia mtu afike, haimwambii afike wa kwanza, na wahenga waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hawakuuliza nani alimpigia mwenzake simu siku ya raha.

Lipo na upande wako, na sitaki kuupita kana kwamba haupo. Kuanza kila mara kunachosha. Anayeanza ndiye anayebeba hatari ya kukataliwa, ndiye anayekumbuka tarehe, ndiye anayelipa nauli ya daladala. Una haki ya kuchoka na kusema umechoka. Ila ujichunguze pia kwa jambo moja: unamwachia nafasi kiasi gani? Tanya Stivers na wenzake walipima mwaka 2009 maongezi ya lugha kumi za dunia, wakakuta kwamba pengo la kawaida baina ya swali na jibu ni karibu sekunde 0.2. Watu hujibu upesi namna hiyo kila mahali, na mzito wa kuanza akikutana na mwepesi, zamu humpita. Kwenye simu za siku baada ya siku ni hivyo hivyo. Anayehitaji siku kumi ndipo hamu imshinde nguvu hawezi kukupigia ikiwa wewe humpigia kila baada ya siku tatu. Ulipoacha kumpigia hukumwachia nafasi, kwa sababu kimya chako kilikuja ghafla, bila taarifa, na kikiwa na hasira ndani yake; nafasi ni kimya ambacho mwenzako anajua kwamba ni zamu yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu shoga yako ni huu. Ukate kimya wewe, juma hili, bila lawama katika ujumbe wa kwanza. Usimwandikie kwamba umemsubiri tangu Idi. Mwambie tu umemkumbuka na umtajie jambo moja la kweli lililokufanya umkumbuke. Usimpelekee khanga yenye fumbo hata kama dukani imekukonyeza, kwa sababu mwenye woga ataisoma kama kijembe. Mkionana, ana kwa ana na si kwenye simu, mwambie kwa maneno ya kawaida kwamba ukikaa siku nyingi bila kusikia kutoka kwake unaanza kudhani umemchosha. Usimuulize kwa nini hapigi simu, kwa kuwa hana jibu la swali hilo, na akilazimishwa kulijibu atatafuta kisingizio, nawe utakiona kuwa ni kisingizio.

Baada ya hapo mtafutieni urafiki wenu zamu mpya badala ya ile ya baraza. Kama mnacheza upatu au mna kikoba, muwe kundi moja, ili siku ya kukutana ijulikane bila mtu kuianzisha. Kama si hivyo, mkubaliane kwamba mwezi huu wewe unakwenda Pongwe na mwezi ujao yeye anakuja Ngamiani, na siku aichague yeye, hata kama atachukua siku mbili kukujibu. Mwenye kuitika akipewa zamu iliyo wazi huitimiza mara nyingi kwa uaminifu kuliko sisi tunaoanza kila kitu. Ikiwa baada ya kuambiwa na kupewa zamu bado haji, haulizi, na majibu yake yanazidi kuwa mafupi, hapo utakuwa na sababu ya kufikiria upya, na hata hapo ningependa kwanza ujue hali ya nyumbani kwake. Si kila mwanamke ana uhuru wa simu yake au wa nauli.

Kuhusu mwanao, una nafasi nzuri zaidi, kwa sababu yeye bado anajengeka. Madaktari Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto 133 wa New York tangu utotoni, walikuta kwamba karibu asilimia 15 ni watoto wazito wa kuzoea: jambo jipya huwarudisha nyuma kwanza, halafu taratibu huingia. Jerome Kagan wa Harvard naye aliona kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano, akiwa na miezi 4 tu, hushtushwa mno na vitu vigeni, na kwamba watoto hao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa waoga baadaye, ingawa si wote wanaobaki hivyo. Thomas na Chess walisisitiza kwamba kinachoamua sana ni jinsi malezi yanavyoafikiana na maumbile ya mtoto. Kumsukuma mbele ya wageni huku ukisema «huyu ana aibu sana» kunamfundisha mambo mawili mabaya, kwamba salamu ni mtihani na kwamba amekwisha kuufeli. Kumwacha asiamkie kabisa nako si sawa. Adabu ya mji inamdai, na mtoto anayekingwa na kila kinachomtisha hapati nafasi ya kukizoea.

Njia ya kati ni kuupunguza mzigo bila kuuondoa. Mwanzishe kwa mtu mmoja anayemfahamu, labda bibi wa jirani, amwamkie kila asubuhi akienda shule. Kabla ya kuingia nyumba ya watu mwambie mlangoni mtamkuta nani na ataanza na nani. Mtume kwa mwenye genge na sentensi aliyokwisha kuijaribu nyumbani. Mkifika kwa wageni, amkieni pamoja, sauti yako ikiwa juu ya yake kwa siku za mwanzo, kisha uishushe kidogo kidogo. Kama nyumbani anaongea vizuri lakini shuleni hasemi neno lolote kwa zaidi ya mwezi mmoja, hilo ni jambo jingine na linahitaji kuonwa na daktari au mshauri nasaha. Kwa hilo ulilonieleza sioni sababu ya hofu. Ninachokuomba ni uzungumze na wakubwa wa nyumbani, baba yake na hao shangazi na mama wadogo, kwamba mtoto akiamkia kwa sauti ya chini wasimwambie «sijasikia, rudia.» Wamtazame, waitike marahaba kwa jina lake, na wamuulize jambo moja dogo analoweza kulijibu.